Miwa ya mbegu: tupande iliyo mizuri, tuuze inayobaki



Wiki hii tunazungumza juu ya muwa. Sio muwa wa kutafuna tu, ule tunaowanunulia watoto kando ya barabara, bali muwa wa kupanda. Katika Kivu yetu, kutoka bonde la Ruzizi mpaka kwenye mabonde ya Kabare na Walungu, wamama wengi wana miwa kidogo nyuma ya nyumba au karibu na maji. Inatoa pesa ya chumvi, ya sabuni, ya madaftari. Lakini wengi wanalalamika kwamba miwa ya siku hizi ni myembamba, ina maji kidogo, na kila mwaka inazidi kudumaa. Wengine wanasema udongo umechoka. Wengine wanasema ni mvua. Ni kweli udongo unachoka na mvua zinabadilika, lakini kuna sababu nyingine iliyo mikononi mwetu, nayo ni mbegu.

Tuangalie vile tunavyofanya siku ya kuvuna. Miwa minene na mirefu tunaifunga mafungu, inaenda sokoni. Miwa mifupi, iliyopinda, iliyotobolewa na wadudu, inabaki shambani kwa sababu hakuna atakayeinunua. Halafu mvua inapoanza, tunakata ileile iliyobaki, tunaipanda. Tukirudia hivyo miaka mitano, tusishangae shamba zima likifanana na yale mabaki.

Kwa nini iko hivyo? Hapo inafaa tujue kwanza muwa unazaliana namna gani.

Kipande cha muwa ni mama yuleyule

Mahindi na maharagi tunapanda kwa punje. Punje imetoka katika ua, na ndani yake kuna urithi wa baba na wa mama. Ndiyo maana punje za gunzi moja zinaweza kutoa mimea isiyofanana kabisa.

Muwa nao una maua, yale manyoya meupe tunayoyaona juu yake inapokomaa, na ndani yake kuna mbegu ndogo sana kama vumbi. Lakini mkulima hapandi mbegu hizo. Zinaota kwa shida, na miche yake haifanani na muwa uliozizaa. Wanaozitumia ni watafiti wanaotafuta aina mpya ya miwa. Sisi wakulima tunapanda kipande cha shina.

Kipande hicho si mtoto wa muwa. Ni muwa uleule unaoendelea kuishi mahali pengine. Ukiwa mtamu, utakaoota utakuwa mtamu. Ukiwa na rangi ya zambarau, utakaoota utakuwa wa zambarau. Na kama una ugonjwa ndani yake, ugonjwa huo unahama pamoja nao mpaka shamba jipya. Muwa wa kulimwa ulianzia mbali, katika kisiwa cha Guinea Mpya, maelfu ya miaka iliyopita, na watu wakausambaza duniani kwa njia hiyohiyo: vipande mikononi, kutoka shamba mpaka shamba.

Sasa chukua muwa mmoja, uuangalie pamoja na watoto wako. Utaona umegawanyika kwa mafundo. Kati ya fundo na fundo kuna pingili, na humo ndimo maji ya sukari yanamokaa. Kwenye kila fundo kuna jicho moja, kama kitufe kidogo kilichochongoka. Macho hayakai upande mmoja: moja likiwa kushoto, linalofuata liko kulia. Karibu na jicho kuna mstari wa nukta ndogondogo unaozunguka muwa. Jicho ndilo litakalotoa muwa mpya. Nukta ndizo zitakazotoa mizizi ya kwanza. Sukari iliyo ndani ya pingili ni chakula cha njiani, kinacholisha mche mpaka uwe na mizizi yake yenyewe.

Kwa hiyo kipande kisicho na jicho hakitaota, hata ukikimwagilia mwaka mzima. Na jicho lililopondwa wakati wa kubeba halifai kitu.

Kuchagua: kazi inayofanyika kabla ya kuuza

Tunashauri kila mama au kila kikundi kitembee shambani kabla mnunuzi hajafika. Tafuta mashina yenye miwa mingi, minene, iliyonyooka, yenye majani ya kijani kibichi. Fungia kila shina ulilochagua kamba au kitambaa cha rangi, ili siku ya kukata hata mtoto ajue kwamba hilo haliuzwi.

Haya ndiyo tunayoyatazama:

1. Umri. Muwa mzuri wa mbegu ni wa miezi 8 hadi 10. Uliozeeka sana macho yake ni magumu na yanachelewa kuota. Mchanga sana unaoza upesi ardhini.

2. Matundu. Muwa wenye tundu kama la sindano au la msumari, wenye unga wa mbao unaotoka, umeingiwa na funza. Usiupande.

3. Rangi ya ndani. Ukikata, ndani kuwe kweupe au manjano kidogo. Ukiona wekundu umeenea kwenye nyama ya muwa, tena unanuka kama pombe iliyochacha, huo ni ugonjwa wa kuoza. Utupe mbali na shamba, na usikate muwa mwingine kabla ya kusafisha panga.

4. Fimbo nyeusi. Kuna ugonjwa unaotoa kitu kirefu cheusi kwenye ncha ya muwa, kilichojikunja kama mjeledi, chenye unga mweusi kama masizi ya sufuria. Unga huo unapeperuka na upepo na kuambukiza shamba lote. Ukiuona, funika ncha hiyo kwa mfuko kabla ya kuikata, kisha ng'oa shina zima na mizizi yake na ulichome. Usichukue mbegu katika shamba hilo hata kama mashina mengine yanaonekana mazuri.

5. Kudumaa kusiko na alama. Hapa ndipo wengi tunadanganyika. Kuna ugonjwa unaofupisha muwa bila kuuonyesha kidonda chochote, hasa unapochipuka tena baada ya kukatwa. Unahama kwa panga: unakata muwa mgonjwa, unakata muwa mzima kwa panga lilelile, umeshauambukiza. Viwanda vya sukari vinapigana nao kwa kuloweka mbegu katika maji ya moto ya nyuzi 50 kwa muda wa saa 2, yakiwa yanapimwa kwa mashine ili yasizidi wala kupungua. Sisi nyumbani hatuwezi kushika joto hilo sawasawa, na maji yakizidi kidogo macho yanakufa. Tunachoweza ni kuchagua vizuri na kusafisha panga.

Kusafisha panga si kulipangusa kwa majani. Changanya kikombe 1 cha javeli na vikombe 9 vya maji ndani ya ndoo, uliloweke humo dakika chache kabla ya kuanza na kila unapohama shina. Tukiwa na mapanga mawili, moja linaloweka na lingine linafanya kazi. Ndoo hiyo ikae mbali na watoto, na isichotewe maji ya kunywa hata ikioshwa.

Je, tukichagua miwa mizuri kwa mbegu, tutauza nini?

Swali hilo ni la haki, maana njaa haingojei mwaka ujao. Jibu lake liko ndani ya muwa wenyewe. Sehemu ya chini ndiyo yenye sukari nyingi, na mnunuzi anaitaka hiyo. Sehemu ya juu haina utamu mwingi, lakini macho yake bado ni machanga na ndiyo yanayoota vizuri zaidi. Kwa hiyo katika shina zuri lililokomaa, theluthi mbili za chini ziende sokoni, theluthi ya juu irudi ardhini, na majani ya kileleni wapewe mbuzi au ng'ombe. Hapo umeuza na umepanda kutoka muwa uleule. Kinachokatazwa ni kuuza shina zuri lote na kupanda lililo baya.

Kukata na kupanda

Kata vipande vyenye macho matatu kila kimoja. Panga liwe kali, ukate kwa pigo moja katikati ya pingili, sio karibu na fundo. Panga butu linapasua muwa, na mahali palipopasuka ndipo uozo unapoingilia.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusilaze muwa mzima. Sababu ni kwamba jicho la juu linazuia macho yaliyo chini yake yasiamke. Ukilaza muwa mzima, ule upande wa kileleni utaota, na katikati patabaki mapengo. Ukiukata, kila kipande kinapata jicho lake la juu, na shamba linaota kwa usawa.

Usivue majani ya muwa wa mbegu kwa nguvu wakati wa kusafirisha, maana yanalinda macho. Yaondoe kwa mkono unapofika shambani. Vipande vilivyokatwa vipandwe siku hiyohiyo au siku chache zinazofuata, vikiwa kivulini na vimefunikwa na majani mabichi. Vikilala juani juma zima, chakula cha njiani kimekwisha kabla ya safari.

Shamba lilimwe kwa kina, kisha tuchimbe mitaro yenye kina cha sentimita 20 hadi 25, mtaro na mtaro viachane mita 1 au zaidi kidogo. Tunatia mbolea ya ng'ombe au ya mbuzi iliyooza vizuri, tunaichanganya na udongo wa chini ya mtaro. Kisha tunalaza vipande, kimoja kikifuata kingine, macho yakielekea pembeni, moja kushoto na lingine kulia. Tusigeuze jicho likatazama chini, kwa kuwa litachelewa au litakufa likitafuta njia. Tunafunika kwa udongo wa sentimita 5 tu. Udongo uliobaki kando ya mtaro tunaurudisha kidogo kidogo muwa unapokua, ili usimame imara na usiangushwe na upepo.

Katika mabonde yenye maji mengi tunafanya kinyume: badala ya mtaro tunainua matuta, tupande juu yake. Kipande kikikaa ndani ya maji yaliyotuama kinaoza.

Wakati wa kupanda unategemea tuko wapi. Kwa wengi wetu, mwanzo wa mvua, mwezi wa 9 na wa 10, ndio mzuri, ili muwa upate miezi mingi ya mvua kabla ya kiangazi cha mwezi wa 6. Penye mifereji ya maji, kama sehemu fulani za Ruzizi, mtu anaweza kupanda pia nje ya msimu. Joto nalo lina neno lake. Jicho la muwa linapenda joto la nyuzi 28 hadi 30, na chini ya nyuzi 20 linasinzia. Kwa sababu hiyo, bondeni macho yanaanza kutokeza baada ya siku 7 hadi 10, na kufikia siku ya 35 yaliyo mazima yote yameshatoka. Kwenye milima mama asiharakishe kufukua kuona kama vimeoza. Avumilie.

Jicho moja moja: njia ya mama asiye na mbegu nyingi

Shida kubwa ya muwa ni kwamba mbegu yake ni nzito na ni nyingi. Kwa njia ya vipande vya macho matatu, hektari moja inameza tani kati ya 6 na 10 za miwa. Miwa hiyo ingeweza kuuzwa. Lakini kuna njia ya kupunguza, nayo inafaa sana kwa vikundi vya wamama: kuotesha jicho moja moja katika kitalu.

Tufanye hesabu, kama tunavyowafundisha watoto wa darasa la tano. Tuchukue kiwanja cha mita 10 kwa mita 10. Mitaro iko mita 1 kutoka mmoja mpaka mwingine, kwa hiyo tuna mitaro 10 yenye mita 10 kila mmoja. Jumla ni mita 100 za mtaro.

Kwa njia ya kwanza, vipande vya sentimita 40 vikilazwa mfululizo, tunahitaji vipande 250. Muwa wenye macho 12 unatoa vipande 4. Tutahitaji miwa 63.

Kwa njia ya pili, tunapanda miche iliyokwisha kuota, mche mmoja kila sentimita 50. Tunahitaji miche 200. Muwa uleule wa macho 12 unatoa miche 12. Miwa 17 ingetosha, lakini tuhesabu 20 kwa sababu miche mingine itakufa. Miwa 43 iliyosalia inakwenda sokoni.

Na kama kila mche ukitoa, kwa mfano, miwa 5 tu, miche 200 itatupa miwa 1000. Tumeanza na 20.

Kitalu chenyewe hakihitaji pesa nyingi. Kata kila jicho pamoja na sehemu ya muwa ya sentimita 5 hadi 7. Jaza udongo uliochanganywa na mbolea iliyooza katika mikebe iliyotobolewa, chupa za plastiki zilizokatwa, au vikopo tulivyosuka kwa maganda ya mgomba. Weka jicho likitazama juu, funika kwa udongo wa vidole viwili. Jengea kivuli chepesi cha majani ya migomba. Mwagilia kila siku bila kufurisha. Baada ya majuma 4 hadi 6, mche una majani manne au matano. Siku ya kuhamisha, kata nusu ya majani ili usinyauke, uupande jioni au siku ya mawingu, mvua zikiwa zimeshika.

Faida nyingine ni kwamba jicho bovu linajulikana mapema. Linabaki kwenye mkebe, halichukui nafasi shambani. Na kazi ya kitalu inafanyika nyumbani, karibu na kisima, mama akiwa na mtoto wake mgongoni.

Miezi mitatu ya kwanza

Muwa unakua polepole mwanzoni. Kwa miezi mitatu hivi, nafasi kati ya mitaro iko wazi, na majani mabaya yanaipenda. Sisi tuitumie kwa chakula. Maharagi, karanga au soja katikati ya mitaro yanavunwa kabla muwa haujafunga kivuli, na mizizi yake inaacha chakula ardhini. Tusitie mahindi au mihogo kwa wingi, kwa sababu yanaurefukia muwa na kuuibia jua.

Jambo hili si dogo. Muwa wa kwanza unakawia mwaka mmoja, hata mwaka na nusu, na mlimani zaidi. Nyumba haiwezi kungoja muda huo bila kula. Tena sukari ya muwa si chakula cha kumkuza mtoto. Muwa unatupa pesa. Nguvu ya mwili inatoka kwenye maharagi, sombe, samaki na mayai. Kwa hiyo mama asitoe shamba lake lote la maharagi kwa ajili ya muwa. Na watoto wakitafuna, wasukutue kinywa kwa maji, maana sukari inayobaki kwenye meno inayatoboa.

Baada ya kuvuna, shina linachipuka tena lenyewe. Kata muwa chini kabisa, karibu na udongo, kwa panga safi. Majani makavu tusiyachome. Yatandazwe kati ya mistari, yatunze maji na kuzuia majani mabaya. Shamba lililoanza na mbegu nzima linaweza kuvunwa mara tatu, nne au zaidi bila kupandwa upya. Lililoanza na mbegu mgonjwa linaonyesha udhaifu wake mapema, kwenye uchipukaji wa kwanza au wa pili.

Shamba ni la nani?

Hapa tunafika mahali ambapo wamama wengi wanapoteza kila kitu, hata kama wamefuata yote tuliyosema.

Wengi wetu tunalima kwenye shamba la kukodi. Tunalipa kwa msimu, au tunagawana mavuno na mwenye shamba. Kwa maharagi hilo linawezekana, kwa kuwa baada ya miezi mitatu tumevuna na tumeondoka. Muwa ni mambo mengine. Unakaa ardhini miaka. Mwenye shamba anaweza kuogopa kwamba ukipanda kitu cha kudumu, kesho utasema ardhi ni yako. Au anangoja muwa ukomae, halafu anasema anataka shamba lake wiki hiihii. Mama anaondoka mikono mitupu, na miwa inabaki ikichipuka kwa ajili ya mtu mwingine.

Kwa hiyo kabla ya kuchimba mtaro wa kwanza, tuandike karatasi. Isiwe ndefu. Iseme mambo haya:

Majina ya mwenye shamba na ya mama au kikundi kinacholikodi. Mahali pa shamba, vipimo vyake kwa mita na mipaka yake. Mwaka wa kuanza na mwaka wa kumaliza, si chini ya miaka mitatu. Bei, na namna ya kuilipa. Maneno wazi kwamba miwa ni mali ya aliyeipanda na ardhi ni mali ya mwenyewe. Na iseme kitakachofanyika kama mwenye shamba akilitaka kabla ya wakati: miwa ivunwe kwanza, au mpandaji alipwe. Mwishoni sahihi au alama ya kidole ya kila upande, pamoja na mashahidi, mmoja wao akiwa shefu wa kijiji. Nakala mbili, kila upande ubaki na yake. Asiyejua kusoma asomewe kwa sauti mbele ya watu anaowaamini.

Wengine bado wanaambiwa kwamba mwanamke aliyeolewa hawezi kutia sahihi bila ruhusa ya bwana. Hiyo ilikuwa sheria ya zamani. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016, iliyorekebisha Sheria ya Familia ya mwaka 1987, iliondoa ulazima huo. Hatusemi hivyo ili tulete vita nyumbani. Kuzungumza na bwana na kupatana naye ni jambo jema, maana muwa unahitaji mikono ya wote. Lakini mama ajue kwamba sheria haimlazimishi tena kuomba ruhusa ya bwana.

Shamba la mbegu la kikundi

Wakubwa wetu wa bonde la Ruzizi wanakumbuka kiwanda cha sukari cha Kiliba, kilichosimama wakati wa vita vya mwaka 1996. Kiwanda cha namna hiyo kina mashamba maalum ya mbegu, yaliyotengwa na yale ya kusaga sukari, na miwa yake hukatwa kwa ajili ya kupandwa tu. Desturi hiyo haihitaji mashine. Kikundi cha wamama ishirini kinaweza kuifuata kwenye kiwanja kile cha mita 10 kwa mita 10.

Kiwanja hicho kiwe mbali kidogo na mashamba mengine ya miwa. Kitunzwe kwa zamu, kama tunavyotunza sanduku letu la akiba. Kiwe na mapanga yake yasiyotoka humo. Kila majuma mawili wawili kati yetu wakipitie mstari kwa mstari, wang'oe shina lolote lililodumaa au lenye fimbo nyeusi. Kikifika miezi 8 hadi 10 kikatwe, kila mama apate fungu lake la miwa ya mbegu. Anayepokea leo arudishe fungu kama hilo anapovuna, likapewe mama anayefuata kwenye orodha. Ni likelemba kama ile ya pesa, ila hapa tunazungusha miwa.

Kanuni moja iwekwe tangu mwanzo na iandikwe kwenye daftari la kikundi: miwa ya kiwanja hiki haiuzwi kwa kutafuna, hata mnunuzi akitoa bei nzuri, hata siku ya sikukuu. Mama akiwa na shida kubwa, kikundi kimsaidie kutoka kwenye sanduku, si kutoka kwenye mbegu.

Kwa mkutano wa wiki hii

Tunaomba kila kikundi kifanye mambo manne. Kwanza, kila mama alete muwa mmoja kutoka shambani kwake. Tuipasue pamoja, tuangalie rangi ya ndani, tuhesabu macho, tutafute matundu. Pili, tukubaliane ni shamba la nani lenye mashina yanayofaa kuwa mbegu, na tumwombe mwenyewe ayafungie kamba kabla ya siku ya soko. Tatu, wanaolima kwa kukodi waseme kama wana karatasi. Wasio nayo, katibu wa kikundi awasaidie kuiandika. Nne, tuchague mahali pa kitalu na tugawane kazi ya kukusanya mikebe, mbolea na majani ya migomba.

Wanaojua kuandika wawaandikie wenzao, na wenye watoto shuleni wawape kazi ya kuhesabu macho na miche. Tutapenda kusikia kila kikundi kimepata miche mingapi kwa muwa mmoja, ili tuchapishe hesabu hizo katika karatasi yetu na wengine wajipime nazo.